Nilishitakiwa kumuiba mutoto niliyemuzaa mwenyewe, na kila mutu alitaka nisaini tu yaishe

Wakuu, salamu kwenu bote.

Mi ni mama wa miaka ishirini na tano, naandika kutoka Kolwezi, Congo. Kiswahili chetu cha huku mtakivumilia. Nitakayosema ni kweli, na mahali penye kosa langu sitaruka.

Niko na kasirani hadi leo. Acha niitoe.

Tuanze ku mimba.

Wakati ule tulikuwa tunaishi Dilala, mu nyumba ya tantine Béa, dada mukubwa wa bwana yangu. Yeye alikuwa anatumika kazi ku bureau ya kampuni moja ya mine, ya madini, jina siitaji. Bwana yangu, Tata Grâce, ni kusema baba ya mutoto wetu Grâce, alikuwa anaendesha pikipiki ya taxi-moto. Ku commune, ofisi ya serikali, kufunga ndoa hatukuwa tumeenda. Dot, ni kusema mahari, ilianzishwa tu, bazazi bakakunywa, basi.

Uchungu uliponishika, siku ya kwanza ikapita, ya pili mutoto hatoki. Muzalishaji wa centre ya afya ya quartier akasema: césarienne, apasuliwe upesi. Na hospitali yenye kuwa karibu ni ya kampuni, inapokea bafanyakazi na jamaa yao tu.

Tantine Béa akatoa carte yake ya hospitali mu sakoshi, akaniwekea mu mukono. "Kuanzia sasa weye njo Béatrice. Bakiita, itika."

Nikaitika.

Picha ya carte ilikuwa imefutika nusu. Nani ataangalia sura ya mwanamuke anayelia?

Wakuu, huku kwetu jambo hili si geni. Batu banaazimana carte ya hospitali kama vile banaazimana sufuria. Hakuna anayewaza kama ni uongo. Tunaona ni kusaidiana.

Grâce akazaliwa. Karatasi ya hospitali ikaandikwa: mama, Béatrice. Na karatasi ile tantine akaenda ku commune, akarudi na acte de naissance, cheti cha kuzaliwa. Mahali ya mama, jina lake. Mahali ya baba, wazi.

Nikamuuliza bwana yangu. Akajibu: "Ni karatasi tu. Mutoto anajua ananyonya kwa nani."

Nikanyamaza. Hapo njo kosa langu, naliandika mwenyewe kabla hamjaniandikia.

Miaka mitatu ikapita vizuri. Tantine hana mutoto. Alikuwa anamuogesha Grâce, anamusuka, anamufundisha kuomba. Mutoto alituita bote babili mama. Sikuona ubaya.

Halafu nikapata habari kama Tata Grâce iko na mwanamuke mwingine kule Nzilo, na huyo mwanamuke iko na mimba. Sikupiga kelele. Niliweka nguo mu mufuko, nikabeba mutoto mugongoni, nikaenda kwa mama yangu, Kasulo.

Tantine alisimama ku mulango. "Enda, lakini mutoto abaki."

Niliwaza ni hasira tu, itapita.

Wiki moja baadaye, convocation, barua ya kuitwa ku polisi. Nafungua, nasoma: enlèvement d'enfant. Kuiba mutoto.

Mi! Niibe mutoto gani?

Kwa basiojua: kesi huku inaanzia kwa OPJ, ni polisi anayeandika mashitaka kabla hayajapanda kwa muendesha mashitaka, ku parquet. Kwa makosa madogo sheria inamuruhusu akutoze amende, ni faini, upate reçu, ni risiti, mambo yaishe bila kuona hakimu. Inaitwa amende transactionnelle. Na mi siichukii. Jirani yetu alipigana ku bomba ya maji, asubuhi alipelekwa, saa sita alikuwa nyumbani anasonga bukari. Vizuri kabisa.

Lakini kuiba mutoto, tangu lini ni kosa dogo? Hilo swali hakuna aliyeliuliza.

OPJ alikuwa mupole, hata alinipa kiti.

"Mama, hii ni affaire ya famille. Lipa amende kidogo, saina PV, mutoto arudie, kila mutu aende kupika."

"Arudie wapi?"

"Kwa mama yake."

"Mama yake iko anaongea na weye sasa hivi, chef."

Akageuza acte de naissance juu ya meza ili niione. Tantine, mwenye kunishitaki, alikuwa amekaa pembeni, iko anaangalia viatu vyake.

Nikasema: "Chef, tufunue tumbo sisi bote babili. Mwenye kovu ya césarienne njo mama."

"Mama! Heshima! Hapa si maternité!"

Polisi wa ku mulango alicheka mpaka akakohoa. Mi sikucheka. Nilikuwa tayari kufunua.

Mama yangu, mwenye alinisindikiza, akanifinya mukono. "Saina, mwanangu. Mambo ya mutoto tutayapanga polepole ku nyumba."

Tata Grâce naye alikuja, amevaa shati ya Jumapili. "Usituletee aibu. Ni dada yangu, hatamukula mutoto."

"Weye nyamaza. Jina yako haiko hata ku karatasi."

Kisha nikachukua ile PV, karatasi ya maelezo ya polisi, nikaisoma. Mi nimemaliza secondaire, niko na diplôme d'État, Kifaransa nasoma. Mustari wa pili ulisema: anakubali kwamba alimutoa mutoto kwa mama yake bila ruhusa, na anamurudisha.

OPJ alikuwa ameniambia amende na saini tu. Mustari huo hakunisomea.

Wakuu, hapo njo damu ilinipanda. Ni bamama bangapi bameweka kidole ku karatasi kama hiyo kwa sababu mutu alibaambia "saina tu, tuende"? Ningesaini, ningetoka pale na reçu mukononi, na mutoto ningekuwa nimemutoa mwenyewe, kwa mukono wangu.

Nikarudisha bic.

"Basi utaenda ku tribunal," akasema, kama vile unamutisha mutoto na sindano.

"Nipeleke."

Nilikaa siku mbili mu cachot, mahabusu ya polisi. Grâce alibaki kwa mama yangu, na hapo namushukuru mama: Tantine alipotuma batu bamuchukue, mama alifunga mulango akakaa mbele yake na mwiko.

Siku ya tatu, parquet. Magistrat, muendesha mashitaka mwenyewe, alikuwa mwanamuke. Alisoma dossier yote, kisha akainua macho. "Nani alisema mambo ya kovu?"

Nikainua mukono kama mwanafunzi.

Akaandika karatasi: tuende sisi babili kwa munganga, atuangalie.

Tulikaa ku banc moja, mi na tantine, mbele ya mulango wa munganga. Polisi aliingia kwanza kuuliza. Tantine njo alianza.

"Mama Grâce, nikiingia mule, kazi yangu imekwisha."

"Na mi ningesaini, mutoto wangu angekwisha."

"Ulikuwa unakufa. Nilikupa carte."

"Ndiyo. Na asante nilikuambia. Ulinipa carte, tantine. Mi sikukupa mutoto."

Akalia. "Ku kazi nilimuandikisha Grâce kama mutoto wangu, na kampuni inakuja kuhesabu batoto ba bafanyakazi. Ningebaonyesha nani? Na asubuhi naamuka, ile nyumba iko kimya..."

Sitabadanganya, moyo uliniuma. Lakini ni yeye alinifungisha, si mi nilimufungisha.

Mulango ulipofunguka akakataa kuingia. Akamuambia polisi anaondoa plainte yake.

Mimi niliwaza tumemaliza. Magistrat akasema hapana. Mashitaka ya kuiba yamekufa, lakini karatasi ya uongo iko inaishi. Acte ya mutoto inarekebishwa na tribunal pour enfants, mahakama ya batoto. Si OPJ, si kikao cha famille, si karani wa commune. Jina la mama halipatanishwi.

Halafu akanigeukia. "Na weye uliingia hospitali na jina la mutu mwingine. Hilo ni kosa. Nakupendekezea amende, usipelekwe kwa hakimu. Hii nayo utakataa?"

Nikaomba nisome. Iliandikwa: alitumia jina la mutu mwingine apokelewe hospitali.

Ilikuwa kweli. Nikasaini palepale, nikalipa, nikachukua reçu yangu.

Ku tribunal ilichukua miezi mingi, enda leo, rudi kesho, hakimu hayupo. Muzalishaji alikuja akasema alinituma yeye mwenyewe hospitali. Na tantine, hapo namupa heshima yake, alisimama mbele ya hakimu akasema kweli yote. Sasa acte ya Grâce iko na jina langu. Tata Grâce aliitwa amutambue mutoto wake, akafika wakati batu bameshaanza kufunga madirisha ya tribunal.

Tantine alipoteza kazi. Nyumba nayo, kwa sababu ilikuwa ya kampuni.

Na sasa sikieni kinachonichoma. Jamaa yote ya bwana yangu inasema ni mi nilimuharibia. "Ungesaini tu." Ku kanisa banasema. Ku soko banasema. OPJ aliyeandika ule mustari, hakuna anayemuuliza. Tata Grâce aliyesema ni karatasi tu, banamupa kiti. Mi mwenye tumbo lililopasuliwa njo niko na moyo wa jiwe!

Jumamosi namupeleka Grâce kwa tantine, banashinda pamoja, banasukana. Hakuna hakimu aliyeniamuru.

Nilichojifunza: kumaliza mambo bila tribunal si kubaya, kama karatasi inasema yale yaliyotokea. Soma kwanza. Kama hujui Kifaransa, mutu wako akusomee, si yule anayetaka usaini. Na ukiwa na mimba, zaa na jina lako, hata kama ni kwa deni.

Mawakili mulioko humu, kama nimekosea sheria nirekebisheni. Na weye unayeona ningesaini tu, andika hapa chini, nitakujibu. Lakini kabla ya kuandika, toa acte ya mutoto wako, soma mahali ya mama.