Waliozima Mashine

Mume wangu ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini shuleni hakuna aliyelitumia. Walimu walimwita Fundi. Wanafunzi walimwita Bwana Zima, kwa sababu kila kipindi kikiisha alisimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta akipiga kelele, "Zimeni mashine! Zimeni, funikeni, rudisheni viti!" Tukitembea naye mtaani, watoto walijificha nyuma ya ukuta, wakaita "Zimeni!" halafu mbio. Yeye anacheka tu. Mimi ndiye niliyekuwa nawafukuza.

Mimi ni karani wa shule hiyohiyo. Meza yangu iko kwenye chumba cha walimu, na ukutani kuna kioo kikubwa kinachotazama chumba cha kompyuta. Watu walikuwa wananiuliza naweza vipi kukaa na mume nyumbani na kazini pia. Nawajibu kwamba kazini simuoni, naona miguu yake tu, mwenyewe yuko chini ya meza na nyaya zake.

Dada yake alipofariki alituachia binti mdogo, viatu hata kuvaa hajui. Kwa ukoo mimi ni mkaza mjomba wake, lakini ananiita mama. Tukampa jina la Chiriku kwa kelele zake: akiosha vyombo anaimba, akipiga mswaki anaimba kwa pua. Darasani, jamani, hesabu zilimkataa, sayansi ikamkataa, muziki peke yake ukampokea. Chuo cha walimu wa muziki kilitueleza wazi: akipata alama ya juu kwenye muziki, hayo mengine watayafumbia macho. Asipoipata, basi. Mlango mwingine hatukuwa nao. Mimi nililijua hilo, yeye alilijua, na mjomba wake alilijua kuliko sisi sote.

Mwaka wake wa mwisho ndipo wakubwa wa mitihani walipoamua kwamba mwanafunzi wa muziki atatunga wimbo wake kwenye kompyuta, asubuhi moja, mbele ya msimamizi. Programu ikaletwa. Na mume wangu, mtu ambaye hata wimbo wa taifa anauimba kama anasoma tangazo, akaambiwa aiweke kwenye mashine zote.

Basi hapo ndipo nilipojifunza mambo ambayo sikuyaomba. Mashine za shule zimeunganishwa kwa mtandao, na zote zinategemea mashine moja kubwa iliyofungiwa kabatini, wanaiita seva. Ile programu ikifunguliwa, kwanza inabisha hodi kwa seva kuomba ruhusa. Seva isipoitika, haifunguki. Siku za mwanzo seva haikuitika. Alipoifanya iitike, sauti zikakosekana. Sauti zilipopatikana, zikawa zinachelewa: unabonyeza kinanda, unangoja, ndipo kinalia. Yeye kuchelewa huko hakukusikia kabisa. Ilibidi Chiriku akae naye masomo yakiisha.

"Bado, mjomba."

"Bado nini? Mbona inalia?"

"Inalia kidole kikishaondoka."

Anaguna, anarudi chini ya meza. Siku Chiriku aliposema "Sasa sawa," mjomba mtu alicheza katikati ya viti, na kucheza kwenyewe hajui. Nilicheka mpaka nikafuta machozi.

Kuna jambo moja lazima niwaeleze, vinginevyo hamtaelewa lililotupata. Mashine za wanafunzi alikuwa amezigandisha. Ndivyo mafundi wanavyosema. Mwanafunzi anaweza kuijaza michezo, virusi, picha za wanamuziki, chochote anachotaka. Ikizimwa na kuwashwa tena inarudi vilevile ilivyokuwa, na yote aliyoyaweka yamefutika. Ndiyo sababu ya zimeni, zimeni. Kazi ya kutunzwa ilitakiwa iende kwenye seva, ambayo haikugandishwa. Mashine nyingine ambayo haikugandishwa ni ile ya mwalimu, iliyo karibu na meza yangu, kwa sababu walimu wanatunza alama humo.

Alipomaliza kuweka programu alikaa kwenye hiyo mashine ya mwalimu, akaielekeza ihifadhi kazi kwenye seva, akatunga vijinoti viwili vya ovyo, akahifadhi, akaenda kuangalia. Akavikuta.

"Umejaribu?" nikamuuliza.

"Nimejaribu."

"Na zile za watoto?"

"Mke wangu, mtandao ni mmoja. Ukimwambia mmoja wamesikia wote."

Nikarudi kwenye barua zangu. Kumbe programu ndiyo iliyosambaa kwenye mashine zote, lakini yale maelekezo ya wapi pa kuhifadhi yalibaki palepale alipoyaandika. Na mazoezi hayakufichua kitu, maana watoto walifanya ya kusikiliza tu, ambayo majibu yake yanakwenda yenyewe kwenye seva. Hakuna aliyetunga akahifadhi.

Asubuhi ya mtihani Chiriku alitoka nyumbani bila kuimba. Nikawa namchungulia kupitia kioo. Hedifoni masikioni, kichwa kinakwenda taratibu. Chumba kizima kimya, kila mtoto na muziki wake, sisi wa nje hatusikii chochote. Kuna wakati alicheka peke yake. Akafumba macho, akasikiliza tena, akacheka tena. Moyo wangu ukatulia. Nikajisemea, mtoto amepata.

Msimamizi alikuwa mama mmoja mpole mwenye miwani, mgeni kwetu. Akatangaza muda umekwisha, hifadhini kazi zenu. Wakahifadhi, na kila skrini ikaandika kwamba kazi imehifadhiwa. Akaingia chumba chetu, akakaa na mume wangu kwenye mashine ya mwalimu ili wanakili kazi zote kutoka kwenye seva. Mume wangu akafungua folda. Vile vijinoti vyake viwili vya ovyo vilikuwemo. Kingine hakuna.

Akacheka. "Seva ina usingizi leo," akasema. Akafunga, akafungua. Akafunga tena, akafungua. Nikaona shingo yake inalowa jasho.

"Zimebaki hukohuko," akasema. "Zimebaki kwenye mashine za watoto."

Akasimama, kiti kikaanguka, akaukimbilia mlango wa chumba cha kompyuta.

"Msizime! Msizime mashine! Acheni kila kitu! Mikono juu!"

Watoto wakaduwaa. Bwana Zima anasema wasizime! Mmoja akaangua kicheko. Wengi walikuwa bado wanapiga soga, mikoba begani, mashine zao zinawaka, kwa sababu wengi hawakuwahi kumsikiliza hata siku moja. Nyimbo zao zilikuwa hai. Mashine sita zilikuwa nyeusi. Ya Chiriku ilikuwa nyeusi, imefunikwa kitambaa chake, hedifoni zimekunjwa vizuri, kiti kimesukumwa chini ya meza. Mwenyewe alishatoka zamani.

Tangu utotoni tunaambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile waliovunjika guu ni waliosikia. Wale watukutu wa nyuma, ambao kila mara nawaandikia wazazi wao barua, walitoka salama na nyimbo zao. Nilitamani kupiga mayowe.

Mume wangu akaiwasha mashine ya Chiriku. Nilisimama nyuma yake namwomba Mungu kwa maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Ikawaka safi, kana kwamba hakuna mtoto aliyewahi kukaa mbele yake. Akatafuta huku, akatafuta kule. Akaifungua, akatoa diski, akaiunganisha na mashine nyingine, akajaribu programu za kufufua vilivyofutika. Bisibisi ikawa inamponyoka. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nenda kamwambie hivyo mtu aliyeyamwaga mwenyewe. Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kumshika mkono, vyote kwa wakati mmoja.

Mkuu wa shule akafika, akamvuta pembeni. Mimi nilikuwepo palepale, lakini karani ni kama kabati, hakuna anayemjali.

"Fundi, tumia akili. Sema walizima kabla ya kuhifadhi. Uzembe wao. Wakubwa wa mitihani wakijua ni sisi, watatufungia kituo cha mtihani."

"Nikisema hivyo watoto wanapata sifuri."

"Ni sita tu."

"Mmoja ni wangu, mkuu. Na hao watano wana kwao pia."

Mume wangu akamwacha hapo, akaenda kwa msimamizi. "Walihifadhi, mama. Watoto hawana kosa. Nimezipoteza mimi."

Yule mama akavua miwani, akatoka nje na simu. Akaongea, akakata, akapiga tena. Akarudi na jibu: kwa kuwa kosa ni la fundi, hao sita wataandika upya, lakini mwisho wao ni kufika kwa gari la kukusanya mitihani, na gari lilishaanza safari. Fundi arekebishe mashine hizo mbele yake, atoke, asiguse tena chochote.

Mimi ndiye niliyekwenda kumtafuta Chiriku. Nikamkuta bombani anakunywa maji, uso unang'aa.

"Mama! Uliniona nilivyokuwa nacheka?"

Hakuna namna nzuri ya kusema jambo kama lile. Nikalisema tu.

"Lakini nilihifadhi," akasema.

"Najua."

"Iliandika imehifadhiwa."

"Najua, mwanangu."

"Halafu nikazima." Akalifunga bomba vizuri, akakausha mikono kwenye sketi, akanifuata.

Wenzake watano walianza kuandika mara moja, hata kwa makamasi. Yeye akakaa. Akavaa hedifoni, akabonyeza sehemu moja ya kinanda, akabonyeza palepale tena, akavua hedifoni. Mjomba wake alikuwa nje, amebandika uso kwenye dirisha la upande wa pili, na mimi niko kwenye kioo upande wangu, na mtoto yuko katikati yetu na hatuwezi kumsaidia kwa lolote. Andika, nikawa nanong'ona, andika hata takataka, mama yangu, andika. Muda ukaenda. Mwishowe akavaa hedifoni tena, akaanza kubonyeza harakaharaka, hasikilizi wala hafumbi macho. Honi ya gari ilipolia getini, alikuwa bado anabonyeza.

Folda ikafunguliwa. Kazi zote zilikuwemo. Mume wangu akamngoja mlangoni.

"Umeikumbuka ile?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Nilikumbuka mwanzo. Halafu nikawa nasikia gari hata kabla halijaja. Nikajaza tu, mjomba."

Barua ya kumwachisha kazi niliichapa mimi. Mkuu alinisomea kwa mdomo, mimi naandika, na nikamsahihishia sentensi mbili maana sikutaka mume wangu afukuzwe kwa barua mbovu. Nikaichapisha kwa printa ambayo yeye mwenyewe aliitengeneza. Nilipomkabidhi alisaini kuwa ameipokea, akaniambia, "Kosa moja haliachi mke." Nikamjibu kwamba methali imesema mke, haikusema mume. Tukacheka kidogo pale mbele ya watu, halafu nikaenda chooni nikajifungia, nikalia nikiwa nimeziba mdomo kwa kanga.

Sasa anatengeneza simu kwenye meza barazani kwetu. Wateja wanakuja, wanaambiwa kesho, wanarudi. Miezi yote ya kungoja matokeo hakumgusia Chiriku habari za mtihani, na Chiriku hakumgusia. Nyumba ikawa na adabu nyingi mno. Naomba maji, asante, karibu. Kuimba kulikwisha. Nilikuwa naugua kwa ule ukimya. Siku moja niliwasha redio kwa hasira nikaongeza sauti mpaka mwisho, na hakuna hata mmoja wao aliyeniambia nipunguze.

Matokeo yakaja. Muziki amefaulu, ndiyo, lakini si kwa alama waliyoitaka. Nilikwenda mwenyewe chuoni kuwasihi. Nilipiga magoti, sioni aibu kusema. Wakaniinua kwa heshima, wakasema wamesikitika, lakini walioomba ni wengi na nafasi ni chache.

Niliporudi nyumbani na jibu hilo, Chiriku alisema "Asante, mama, pole kwa safari," akaenda kuosha vyombo. Mjomba wake akaacha simu za watu mezani, akamfuata jikoni. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na ufagio, na sikutoka.

"Chiriku, nigombeze," akamwambia. "Nitukane hata. Usininyamazie."

"Sina hasira na wewe, mjomba."

"Basi sema chochote."

Alikausha sahani, akaiweka, akachukua nyingine.

"Wenzangu hawakuwa wanakusikiliza, na mambo yao yamekwenda sawa. Mimi nilikusikiliza kwa kila kitu. Tangu mdogo."

"Najua."

"Siku hizi ukiniambia jambo, hata dogo tu, hata ukisema mvua inakuja, natoka nje kwanza kuangalia. Sipendi, mjomba. Lakini natoka."

Ningeweza kuingia nikamtetea mume wangu, maneno ninayo siku zote, lakini siku ile sikuyapata.

"Fanya hivyo," akamwambia. "Uwe unaangalia."

Nikasikia anavuta kiti, anakaa, analia. Sahani ziliendelea kugongana kwenye beseni.