Siku Bibi Alipooshwa Kitandani

Juzi hapa Soweto, Mbeya, nilimwona muuguzi akikamua kitambaa kwenye beseni, nikakumbuka harufu ya sabuni ya dawa chumbani kwa bibi, kule Mlandege, Iringa. Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, masista wawili waliohudumia wagonjwa maskini bure walimvua nguo, wakaanza kumwosha kitandani. Mimi nilijua anayeoshwa amelala ni maiti tu. Niliganda mlangoni kwa hofu.

"Msimzike, bado anapumua," nikawaambia huku nikilia.

Sista mmoja akasema, "Tunamwosha ili alale vizuri, mwanangu."

Bibi akafumbua macho. "Njoo unikune mgongo," akaniambia.

Nilimkuna, nikiamini kwamba nikiacha tu, watampeleka makaburini. Leo najua walifahamu kuwa hatapona. Ndiyo maana walimwosha taratibu, bila haraka yoyote.