Pikipiki Ilivyotunyamazia Mudaka

Jumamosi ile tulipaswa kufika kijiji cha Miti kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu Neema, mdogo wa mke wangu, alikuwa anaolewa na gauni lake lilikuwa kwetu Kadutu, mjini Bukavu. Mke wangu Riziki ndiye aliyelishona. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kulifikisha.

Saa moja na nusu nilitoa pikipiki. Jana yake nilikuwa nimefungua nyaya na bolti nikaipaka rangi ya buluu, chasi nzima, ile fremu yake ya chuma, ili wakwe zangu waone kweli natoka mjini. Nilipobonyeza demareri, ile mota ya kuwashia, ikatoa mlio mdogo na kunyamaza. Kiki ya mguu ilikuwa imevunjika zamani. Ila Kadutu ni miteremko mitupu: niliiachia ishuke, nikatia gia, ikawaka.

"Iko na nini?" Riziki akauliza nyuma yangu.

"Ni baridi tu," nikajibu kwa sauti ya fundi. Mimi si fundi. Nafundisha jiografia.

Saa mbili na robo tulikuwa sokoni Mudaka. Riziki alitaka pini za gauni, nami nikazima injini, jambo ambalo mtu mwenye akili asingefanya. Aliporudi nikabonyeza: tak-tak-tak-tak, na taa zikafifia. Wanaume watatu wakatusukuma hadi mwisho wa soko. Pale ni tambarare. Pikipiki ikakohoa mara moja, basi. Nikafungua buji, plagi ya cheche, nikaipuliza, nikairudisha. Nikatangaza kwamba batri imekufa. Riziki aliketi na gauni magotini, akaangalia saa.

Maman mmoja muuza vitunguu akatuitia mzee mmoja, papa Zihalirwa, fundi wa redio. Alikuja na taa ndogo yenye nyaya mbili, na kwanza hakugusa kitu.

"Ukifinya, inasema nini?"

"Tak-tak-tak, papa."

"Na taa ya mbele?"

"Inafifia."

"Basi tusishitaki demareri bule. Iko inakosa nguvu. Tutafute inapotelea wapi."

Akaweka nyaya za taa yake kwenye vichwa viwili vya batri, akaniambia nibonyeze. Taa ikabaki kali. "Batri iko muzima," akasema. Akaacha waya mmoja kwenye chanya, wa pili akaugusisha kwenye chuma cha injini. Nikabonyeza tena. Safari hii taa ikawa nyekundu, karibu kuzimika. "Umeme hauwezi kurudi kwa batri," akasema. Akafuata kwa kidole waya mweusi wa masi, yaani wa hasi, unaotoka kwenye batri na kufungwa kwenye chasi kwa bolti.

"Gusa."

Bolti ilikuwa ya moto. Akaifungua. Chini yake palikuwa na rangi ya buluu, laini, inang'aa vizuri sana.

"Rangi inafungia umeme njia. Nani alipaka hapa?"

"Mwalimu," Riziki akajibu kabla yangu.

Papa Zihalirwa akakwangua kwa kisu hadi chuma kikawa cheupe, akakaza bolti. Nikabonyeza mara moja tu, ikawaka.

Saa nne na dakika kumi tuliingia Miti. Mama mkwe alikuwa amesimama barabarani.

"Njia ilikuwa mubaya?" akauliza.

Alikuwa ananipa kisingizio bure kabisa. Riziki akanitazama.

"Hapana, mama. Njia ilikuwa muzuri. Ni mimi nilipaka rangi fasi haifai."

Mama mkwe akanipima kwa macho, kisha akachukua gauni. "Ingia, ukunywe chai. Hata padri hayafika bado."

Neema aliingia kanisani saa tano, na pini mbili tu mgongoni.

Kesho yake, tukirudi Bukavu, tulisimama Mudaka kumpelekea papa Zihalirwa nyama ya harusi. Nikazima injini kwa makusudi, ili aone inavyowaka tena.

Nimejifunza kusikiliza pikipiki inasema nini kabla ya kushika spana. Riziki yeye amefupisha somo. Siku hizi ikikataa kuwaka, haulizi tena iko na nini. Ananiuliza, "Uliigusa wapi?"