Kodi ya Ng'ombe wa Upekuzi

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya shemeji, vikubwa, nikaingia ofisini kwa mkungu, yaani mkuu wa kijiji, nikiburuta miguu kama mgonjwa. Shule niliiacha katikati, au yenyewe ndiyo iliniacha, hatukuelewana. Ila kuandika niliweza, nikawa karani wa kodi pale Ihembe, miaka ya hamsini inaanza.

Kazi ilikuwa makadirio: mtu anasimama barazani, majirani wanataja mali yake, mkungu anampangia kodi, mimi naandika. Ukificha ng'ombe kwa rafiki huko mbugani Bweranyange, jirani anakutaja tu. Mkungu alinifundisha kuamkia kwanza, kodi baadaye. Namshukuru mpaka leo, maana wengi walikuja na hasira wakaondoka na nusu yake.

Siku moja Mzee Katabaro aliomba muda. Askari walimpekua wakitafuta bangi, hawakuona hata jani, lakini pesa yake ya kahawa iliyokuwa chini ya kitanda haikuonekana tena. Asipolipa, anapelekwa kuvunja mawe ya barabara, na magoti yake hata kuchuchumaa yalikuwa yanagoma.

Akafuata Rwegoshora, mmoja wa askari wale wale. Majirani wakataja ng'ombe wawili wapya, mkungu akampandishia kodi. Rwegoshora akawaka.

"Nikateni kodi ya mshahara tu. Ng'ombe hao nimenunua kwa pesa ya upekuzi kwa huyu mzee. Hayo si mapato yangu."

Mimi nikamwaga wino, nikaufuta kwa kiwiko cha shati jeupe.

"Kama si yako," mkungu akasema polepole, "ni ya nani, baba?"

Uchungu wa kodi ulikuwa umemfanya ajishtaki mwenyewe. Kesi ikapelekwa baraza la juu, Katabaro akapewa muda. Rwegoshora akafukuzwa kazi, ng'ombe wakaenda kwa mzee. Rwegoshora akaja kuomba basi kodi yao ifutwe. Mkungu akakataa, akamwambia maziwa ya mwaka mzima aliyanywa yeye.

Msimu uliofuata Katabaro alifika kabla sijafungua dirisha. Nikamwamkia, akaitikia harakaharaka.

"Andika ng'ombe wawili, mwanangu. Andika ni wa Katabaro."

Nikamwambia asubiri majirani wamtaje. Akakataa, alitaka aseme mwenyewe.

Nilistaafu na mgongo mbovu na shukrani tele. Miaka yote watu walinificha ng'ombe wao. Huyu peke yake aliwaleta mpaka mlangoni, wakamaliza maua yote ya ofisi.