Mafuta Yasiyochoma

Binti yangu wa kwanza alizaliwa na ngozi isiyotaka mchezo. Viwikoni na nyuma ya magoti ilipasuka, naye akajikuna mpaka damu. Sisi wenyewe tulikuzwa kwa kupakwa samli, lakini yeye alizaliwa wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Bariadi yalikuwa yamefurika, nami sikutaka mwanangu anuke maziwa kanisani. Nikanunua mafuta ya kopo yenye manukato makali.

Kila nilipompaka alilia mpaka sauti ikamkauka. Sikushtuka. Kwetu dawa ni ile inayouma, kama spiriti kwenye kidonda. Isiyouma ni maji tu.

Siku moja mwenye duka akanipa kopo lililofanana kabisa na lile la kwanza.

“Kiwanda kimeyatengeneza upya, mama. Manukato wameyaondoa, kwa ajili ya ngozi kama ya mwanao.”

Nikanusa, sikusikia harufu yoyote. Moyoni nikasema tumeibiwa.

Nikampaka siku nne, shingo upande. Hakulia hata mara moja. Alichezea kifuniko, kisha akalala fofofo. Nami kwa akili zangu zote nikaona huo ndio ushahidi kwamba mafuta hayafanyi kazi. Siku ya tano nikakwangua mabaki ya kopo la zamani, nikampaka hayo. Akapiga yowe. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mama mkwe alikuwa uani akichambua pamba. Nikamwambia, “Unasikia, mama? Sasa dawa inaingia.”

Hakuinua macho. “Mayu,” akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, “mtoto kalala siku nne. Umemwamshia nini?”

Ndipo nikamtazama vizuri. Mipasuko ilikuwa imeanza kufunga, na sasa ilikuwa myekundu tena. Siku zote hizo sikuwa nimeiangalia ngozi yake. Nilikuwa nasikiliza kilio. Niliona aibu.

Kopo la zamani nikalitumbukiza chooni. Lakini yale makopo yalifanana, na mtoto wa miezi minane hajui kusoma. Kila aliponiona nimelishika lile jipya alitambaa mbio kwa bibi yake, akaficha uso kwenye kanga. Ikabidi bibi ndiye ampake, mpaka ngozi ikapona kabisa. Mimi nilisimama mlangoni nikiangalia mtoto anavyomnyooshea bibi yake mikono bila woga. Iliniuma sana, na nilijua nimestahili.