Waridi la Dada Katika Udongo wa Nywele

Fundi wa cherehani alikuwa na kinyaa tangu utoto; kijiko kikianguka sakafuni, alikiosha mara mbili. Marehemu dada yake, Mungu amlaze pema, alizoea kumtania: "Siku utakayoshika udongo, kuku wataota meno."

Sasa wapangaji wapya wa nyumba aliyoishi dada walikuwa wameng'oa waridi lake. Kilibaki kijiti kimoja ambacho fundi aliwahi kukikata kabla. Kilikuwa kimetoa mizizi kwenye kopo la maji, lakini majani yalianza kuwa manjano. Kisipoingia ardhini leo, basi tena.

Akaanza kulima tuta la maua kando ya ukuta. Jembe likanasa. Alipolivuta, likaibuka na bonge la nywele bandia, limelowa, linanuka, mende wanatembea humo kama kwao. Akalima mbele: nywele. Mbele tena: nywele, na mfuko wa maji meusi uliopasukia miguuni mwake.

"Jirani! Hizi nywele za nani?"

Msusi wa upande wa pili akachungulia juu ya ukuta. "Za wateja, dada'angu. Si zitaoza ziwe mbolea?"

"Plastiki ioze lini, siku ya kiyama?"

"Hukuwahi kulima hapo. Nilidhani jalala."

Fundi akarudi kwenye jembe. Kweli, hakuwahi.

Akazoa uchafu wote, uso kaugeuza pembeni. Ndipo akaingia shemeji yake, mume wa marehemu dada, na gunia begani.

"Shemeji, nimekuletea mbolea ya kuku. Ya leo leo!"

Alipolifungua, funza walikuwa wanachemka.

"Toa hiyo! Mbichi itaunguza mizizi."

"Mbona mke wangu alikuwa anaweka?"

"Iliyooza ikaisha harufu. Alikuwa anainusa kwanza. Wewe ulikuwa unakimbia."

Shemeji akacheka, kisha akajipangusa macho kwa kiwiko.

Dada alikuwa hapandi kitu kabla ya kunusa udongo. Fundi akachota konzi, akaipeleka puani. Uvundo. Akatema mate, akachimba zaidi. Konzi ya pili, uvundo. Akachimba mpaka magotini, akanusa tena. Safari hii hakuna uvundo. Udongo ulinukia mvua tu.

Akasimamisha kijiti, akashindilia kwa vidole vyake mwenyewe, akamwomba Mungu huku kucha zimejaa tope.

"Amina," shemeji akaitikia.

Halafu fundi akakimbilia nyuma ya bafu, akatapika.