Gunia Nililoongeza

Nakumbuka asubuhi moja ya mavuno pale Maretadu, mwanangu, na kila nikiikumbuka natazama chini. Nakuita mwanangu ingawa dada yangu ndiye aliyekuzaa na mimi bado kijana. Umeniomba nikufundishe kupima dhana kuhusu wastani, na siwezi kuanza na kanuni kabla sijakwambia aibu yangu.

Takwimu nilijifunza mwenyewe kwenye simu. Mama Paulina ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala la maharage la kikundi chetu, naye alimwahidi mnunuzi kwamba magunia yana wastani wa kilo mia. Nikaanza kunong'ona kwa watu kwamba anapunja. Kisha nikapima magunia kumi, niliyoyachagua kwa kura. Wastani ulipungua kidogo, lakini upungufu mdogo kama ule hata bahati tupu huuleta. Ilinipasa kusema: sijapata sababu ya kumkatalia. Ila maneno yalikuwa yameshanitoka, na mimi kukosea mbele za watu naogopa kuliko radi. Nikaongeza gunia, nikapiga hesabu. Nikaongeza jingine. Hesabu ilipokubaliana nami, nikaacha kupima.

Mkutanoni nikasimama. "Anatupunja. Hesabu imethibitisha."

Mama Paulina aliinuka. Aliweka ufunguo mezani, akatoka.

Babu yangu, mfugaji aliyepanda huku juu kutoka tambarare za Hanang, alikuwa ameniona nikiongeza magunia; akaniuliza, "Na gunia la mwisho lingekuwa zito, ungeacha?"

"Ningeongeza jingine, babu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Anayerusha mawe mpaka ndege aanguke, asijisifu shabaha."

Siku ya kupakia, magunia yote yalipimwa. Wastani ulikuwa uleule aliousema Mama Paulina. Tulimwomba arudi, akakataa. Hadi leo nikimwamkia shikamoo ananiitikia marahaba kwa upole, na upole huo unanichoma.

Basi shika hili, mwanangu. Kabla hujagusa mizani, sema utapima magunia mangapi, na ni upungufu kiasi gani utakaokufanya ukatae. Ukishaona majibu, usisogeze mpaka. Ukikosa ushahidi, sema umekosa, hata wakikucheka. Kicheko huisha jioni ileile. Na jina la mtu lisikutoke mdomoni kabla ya kipimo, wala baada yake kwa pupa, maana maji yakimwagika hayazoleki.

Mungu akupe mkono mtulivu kwenye mizani, na akujalie kusema "sijui" mapema kuliko nilivyoweza mimi.